Sifa za Mashine ya Rili Iliyogoma

Tuanze na uzito, maana ndiyo sifa ya kwanza inayomfikia mtu, tena inamfikia kiunoni. Revox A77, mashine ya kurekodi kwa rili iliyoingia sokoni mwaka 1967, ina kilo kama 15. Mwizi mwenye akili zake huchukua televisheni, simu na mtungi wa gesi, akafika kwenye Revox, akainyanyua upande mmoja, akairudisha taratibu. Nyumba nzima ikifagiliwa, yenyewe hubaki palepale juu ya kabati, haijui kukimbia, haiuziki, na kwa miaka mingi haijatoa sauti. Samani gani nyingine ina uaminifu wa namna hiyo?

Ieleweke kwamba naisifu ikiwa mbovu. Ikiwa nzima haihitaji wakili: washabiki wake watakuchosha masikio kwa habari za sauti nene na besi iliyotulia. Mimi namtetea mgonjwa, yule aliyefunguliwa mgongo juu ya meza ya chakula wiki ya tatu sasa, familia ikilia wali mkekani.

Nasaba yake si haba. Mwaka 1928 Mjerumani Fritz Pfleumer, ambaye kabla ya hapo alikuwa akihangaika na karatasi za sigara, alipata hataza ya kubandika unga wa chuma kwenye ukanda wa karatasi ili ubebe sauti. Kampuni ya AEG ikaunda mashine ya kuuzungusha utepe huo, ikaiita Magnetophon, ikaipeleka kwenye maonesho ya redio ya Berlin mwaka 1935. Maonesho hayajaisha, ukumbi ukashika moto na mashine zikateketea. Hilo halikuwazuia; waliendelea kuziunda. Hapo ndipo ukoo huu ulipopata tabia zake mbili ambazo haujaziacha hadi leo: kutoa moshi, na kurudi kazini baada ya moshi. Baadaye, kule Uswisi, Willi Studer, mtengenezaji wa Revox, aliutia ukoo adabu kwa mota tatu na fremu imara, ila tabia ya moshi akaiacha kama alivyoikuta.

Moshi huo nao unastahili aya yake. Ndani ya A77 mna kapasita za karatasi zilizofunikwa kwa plastiki ya manjano inayopitisha mwanga. Zikizeeka, plastiki hupata nyufa, unyevu huingia, karatasi huvimba. Kwetu pwani, ambako hata chumvi mezani hulowa, kazi hiyo hufanywa kwa bidii maradufu. Siku mwenye mali anapowaalika wageni na kuchomeka waya ukutani, husikika mlio, kisha moshi mweupe hupanda na harufu kali huenea hadi kwa jirani. Watu husema ni hasara. Mimi nasema tazameni faida: watoto wametoka vyumbani wote kwa mpigo, hakuna aliyeshika simu, mama ameacha jikoni, babu ameamka. Ni lini mara ya mwisho ukoo mzima ulisimama sebuleni kutazama kitu kimoja? Na mara nyingi, huku moshi ukiendelea kutoka, rili bado zinazunguka kwa heshima zote.

Kutoka hapo safari ni ya kwa fundi, na hapo mashine hututendea wema mwingine: inatushusha. Mtu aliyezoea kuitwa bosi hufika dukani amekumbatia kilo 15, jasho likimtoka, akakutana na kijana wa kutengeneza simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii unaiweza?"

Kijana anaizunguka, anachungulia nyuma, anagusa rili moja kwa kidole. "Mzee, memori kadi yake inaingilia wapi?"

Baada ya swali hilo hakuna kiburi kinachobaki. Unaelekezwa kwa fundi mwingine, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye kwenye redio za kawaida husingizia belti. Hapa hana pa kusingizia: kinachouvuta utepe wa A77 ni mhimili wa mota yenyewe, bila belti katikati. Inambidi afikiri. Mashine inayomnyima fundi kisingizio chake cha kila siku imefanya kazi ya umma.

Nyumbani nako imefanya kazi ya unyago. Mwanamume asiyejua sahani huoshewa wapi utamkuta usiku ameinama na pamba na spiriti, akisafisha hedi moja moja: ya kufuta, ya kurekodi, ya kusikiliza. Hedi ya kusikiliza ina ufa mwembamba ambao macho matupu hayauoni, na uchafu kidogo tu ukiuziba, matoazi ya ngoma hupotea na sauti ya mwimbaji husikika kama imefunikwa blanketi. Pamba ikipita mara ya kwanza hutoka na doa la kahawia. Litazame vizuri doa hilo. Unga uliopakwa kwenye utepe ni oksidi ya chuma, yaani kutu, na kilichobanduka na kubaki kwenye pamba ni punje za wimbo wa mtu. Kutu hiihii inayotoboa mabati yetu na kula madirisha yetu ndiyo iliyokubali kubeba magitaa, tarumbeta na hotuba kwa miaka hamsini na zaidi. Nani amewahi kuishukuru?

Adabu nyingine ni ya subira. Rili zikiwa zinakimbia mbele kwa kasi, A77 haina kitu cha kupima mwendo wake. Ukibonyeza plei kabla hazijasimama, gurudumu la mpira hubana utepe uliomo mbioni, nao huvutika au hukatika. Kwa hiyo unabonyeza stopu, unasubiri, unatazama, ndipo unabonyeza plei. Mtoto wa leo anayeruka wimbo baada ya sekunde tano angepaswa kuwekwa mbele ya mashine hii mwezi mmoja. Na kama gurudumu hilo la mpira limekauka likang'aa, utepe huteleza: mwimbaji aliyeingia studio akiwa na akili timamu husikika amelewa, tena bila gharama ya bia.

Matatizo ya utepe wenyewe ni neema juu ya neema. Gundi ya maungio ya zamani hukauka, wimbo ukafika katikati na kuachana vipande viwili. Rili ikikaa kabatini miaka mingi, sumaku ya tabaka moja huacha alama kwenye tabaka la jirani, na katika ukimya wa kabla ya wimbo unasikia kwa mbali sauti ya mwimbaji ambaye bado hajaanza kuimba. Utabiri wa namna hiyo waganga hutoza pesa. Kisha kuna baadhi ya tepu, Ampex 456 ikiwa maarufu zaidi, ambazo gundi inayoshika kutu hunyonya unyevu ikawa ulimbo. Utepe hunata kwenye hedi na kupiga kelele. Dawa yake, wala si mzaha, ni kuuweka kwenye joto dogo la nyuzi 54 hivi za Selsiasi kwa saa nyingi, ndipo ukubali kupigwa kwa muda. Muziki unaokaushwa kwa moto kama skonzi kabla ya kusikilizwa ni muziki unaojua thamani yake. Ila tepu za asetati za zamani zisipelekwe huko kabisa; joto huziharibu.

Sasa utani kando kidogo. Mashine hii inaharibika vipande vipande, na kwa sababu hiyohiyo inatengenezeka vipande vipande. Kapasita ina nambari, transista ina miguu mitatu unayoiona, skrubu ni skrubu, na mchoro wa saketi nzima ulichapishwa na kampuni yenyewe ili fundi ausome. Simu yako ikifa huambiwi nini kimekufa. Huambiwa ununue nyingine. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hiyo ni habari ya vitu vinavyofunguka.

Nasi tuna sababu yetu ya kulijali hilo. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za dansi, kwaya na taarabu katika studio zake, na nyimbo hizo zilihifadhiwa kwenye rili. Nyimbo nyingi za enzi hizo hazikutoka kamwe kwenye sahani za santuri. Pasipo rili na mashine ya kuizungusha, hazipo. Kila mkusanyiko wa namna hiyo, mkubwa wa redio au mdogo wa mjomba aliyerekodi harusi, unategemea mtu mmoja aliyevumilia moshi, spiriti na meza iliyotwaliwa.

Basi wewe mwenye rili za wazee chini ya kitanda, nakuomba: usizitupe, na usikimbilie kuchomeka mashine iliyolala miaka mingi. Kwanza kapasita zibadilishwe, hedi zisafishwe, na tepu ikianza kunata au kulia uizime mashine papo hapo. Ukimpata fundi anayeyajua haya, usiombe punguzo. Umri wa tepu zako unapungua, na mafundi wa aina yake wanapungua haraka zaidi.