Mayai ya Jirani

Leo asubuhi nimemlipa jirani yangu shilingi 3,000 kwa mayai sita ya kienyeji. Nikamsifia juu. Nikamwambia kiini cha mayai yake kimekolea, si kama yale ya dukani yaliyopauka. "Ndiyo raha ya kuku anayejitafutia," akajibu huku akiikunja noti yangu kwenye pindo la khanga. Hapo hapo nyuma ya gunia la mkaa, jikoni kwake, kuku akaanza kutetea. Akatoka kishingo wangu, na ule utambaa mwekundu niliomfunga mguuni, akapita katikati yetu kwa maringo, akaelekea kwangu kula pumba.

Jirani yangu hana kuku. Hajawahi kuwa na kuku.

"Mama, huyu si mtetea wangu?"

"Wako, baba. Nani kakataa?"

"Na haya mayai?"

"Yamezaliwa kwangu."

Nikafungua kinywa, akaniwahi. Alinikumbusha tuta lake la mchicha lililoparuliwa na hao hao kuku wangu, akasema kwa roho yake nzuri hajanidai hata senti. Wateja wawili waliokuwa wakichagua nyanya gengeni kwake wakaitikia kwa vichwa. Nikaondoka na mayai yangu, kwa maana zote mbili.

Kishingo simlaumu sana. Kuku akitaka kutaga hutafuta pembe yenye giza, kavu, isiyopitwapitwa, na akikuta yai limekwisha tangulia hapo huona mahali pamethibitishwa. Banda langu lina mwanga mwingi na jogoo mwenye fujo. Gunia la mkaa halina vyote viwili. Tena kazi yenyewe si ndogo. Kiini hudondoka kutoka kwenye ovari, kikavikwa ute kwa muda wa saa tatu hivi, kikafungwa utando, kisha kikakaa karibu saa ishirini kikijengewa ganda. Sehemu kubwa ya ujenzi huo hufanyika usiku, kuku akiwa amelala na hali kitu, kwa hiyo chokaa ikipungua tumboni huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Nilipojua hilo nilikaa kimya bandani nikiwatazama kwa heshima ambayo sijawahi kuwapa wakubwa zangu kazini. Na kwa kuwa safari nzima huzidi kidogo saa 24, leo atataga saa mbili, kesho atachelewa kidogo, keshokutwa atachelewa zaidi, mpaka ifike siku aruke kabisa. Mimi siku hizo za kuruka nilizidhania ugonjwa, nikamnunulia vitamini. Jirani alizidhania mapumziko.

Sasa piga hesabu. Pumba zangu. Dagaa wangu. Maganda ya konokono niliyoyatwanga kwa mkono ili asile mifupa yake. Yote yamo ndani ya lile ganda nililolipia shilingi 500, na hiyo ni mara ya pili.

Dawa yake ipo: unawafungia mpaka saa nne, kwa sababu wengi huwa wameshataga, na ndani unaweka kiota chenye kivuli na yai la bandia kama kishawishi. Nimeweka jiwe jeupe. Jogoo analilalia.

Na si jirani peke yake anayenila: kicheche alipita wiki iliyopita, akaondoka na vichwa na kuacha viwiliwili.

Mwewe naye hachukui vifaranga wa jirani, kwa sababu, kama nilivyosema, jirani hana kuku.

Lakini kinachoniuma hasa ni chanjo. Kideri hakina tiba. Kikiingia mtaani kinaweza kufagia banda zima, na kinga yake ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Tone moja! Ila chupa ndogo kabisa niliyoipata dukani ni ya kuku 100, na ikishafunguliwa haingoji mwezi ujao. Mwenye kuku tisa anailipia yote, dozi zinazobaki anamwaga. Nikaona aibu kumwaga, nikapita nyumba kwa nyumba kuomba tuchangie. Mmoja akasema kuku wake wanalindwa na Mungu. Mwingine akasema kideri kikija atawachinja, ndiyo kawaida, mtaa mzima hula mchuzi wiki hiyo. Hakuna aliyetoa hata mia. Na mimi najua kuku wao asiyechanjwa ndiye atakayeniletea ugonjwa kwenye banda langu, basi jioni, ndege wote wakiwa wamelala, nikawachanja kuku wa watu bure, nikiwa na tochi mdomoni, naruka vinyesi kwenye nyua zisizo zangu.

Juzi yule anayelindwa na Mungu alikuja kubisha hodi. Tetea wake mmoja ana jicho jekundu. Ameniuliza, kwa adabu kabisa, fidia nitaitoa kwa fedha taslimu au kwa simu.