Chumvi, Mto na Kidonge cha Alfajiri

Jumatatu
Mkunga amethibitisha kwamba nina mimba. Nimetoka kituo cha afya na furaha kubwa, na pia na jambo la kufanya leo hii hii. Tezi yangu ya thairoidi ni mvivu. Nameza levothairoksini tangu kabla ya ndoa. Daktari wangu wa Kisangani aliniambia zamani kwamba siku nikijua nina mimba nisingoje miadi, niongeze vidonge viwili kwa juma, kisha nikapime damu mapema. Nilitaka kumpa habari kwa simu, lakini mtandao umekatika hapa Basoko nzima tangu asubuhi. Maagizo yake yamo kwenye daftari langu, kwa mkono wake, na nimeanza kuyafuata. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto bado hawezi kujitengenezea homoni hii. Ubongo wake unajengwa kwa ile ya mama. Mwanamke mwenye tezi nzima huongeza homoni bila hata kujua. Mimi lazima niongeze kwa kidonge.

Jumanne
Mvua ya usiku imepenya bati na kuingia kwenye kopo la chumvi. Asubuhi chini kulikuwa na tope jeupe, juu maji. Mama mkwe alitaka kuianika. Nikamwomba, "Mama, hii tuiache. Dawa yake imekwenda na maji." Dawa hiyo ni iodini, ambayo tezi huitumia kutengeneza homoni. Huyeyuka pamoja na maji, na jua na unyevu huipunguza. Hapa mto Aruwimi unapoingia mto Kongo tuko mbali sana na bahari, na mvua imekuwa ikiosha udongo wetu tangu enzi, kwa hiyo mazao ya shamba hayana iodini ya kutegemewa. Kwa watu wengi chumvi iliyotiwa iodini ndiyo njia pekee. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Kidonge changu ni homoni iliyokwisha kutengenezwa, nacho hakitoshi kwa mtoto: tezi yake itakapoanza kazi, itataka iodini ninayokula mimi. Mume wangu ameenda sokoni. Chumvi ya kwanza aliyoiona ilikuwa kwenye gunia lililofunguliwa juani, akaipita, akarudi na pakiti iliyofungwa. Sasa imo kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko, na tunaitia kwenye mchuzi ukikaribia kuiva.

Jumatano
Juzi kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, nilipewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kama wajawazito wote. Alfajiri mama mkwe, kwa upendo, alikuwa ameweka kidonge cha chuma na cha tezi kwenye kisahani kimoja, pamoja na uji wa moto. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo kuupika. Ilibidi nimweleze nao uji unapoa. Chuma hushikana na levothairoksini tumboni, na dawa hupita bila kuingia kwenye damu. Vidonge vya kalsiamu hufanya vivyo hivyo. Kidonge cha tezi kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha nusu saa au saa nzima kabla ya kula. Cha chuma kinataka kukaa mbali nacho, si chini ya saa nne. Vyote viwili ni vya lazima, kwa sababu damu pungufu nayo huua wajawazito. Tumekubaliana: cha tezi alfajiri, cha chuma usiku. Mama mkwe amefunga uzi mwekundu kwenye kopo la vidonge vya chuma asije akasahau.

Alhamisi
Mto umepanda usiku na kuchukua kikapu chetu cha mihogo iliyokuwa ikilowekwa. Ilikuwa imebakiza siku moja kufikia siku tatu. Wifi yangu alikuwa na mingine, iliyolala majini usiku mmoja tu, akataka tuipike kwa kuwa watoto wana njaa. Nilimsihi tuwapikie ndizi. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hubaki na sumu ya sianidi. Mwili ukiivunja sumu hiyo, hutoa thaiosianati, ambayo huizuia tezi kuchukua iodini. Penye iodini nyingi madhara yake ni madogo. Penye iodini haba ni makubwa.

Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Kongo. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, watafiti walikuta rovu, uvimbe wa tezi shingoni, limejaa upande wa kaskazini na kuwa adimu upande wa kusini-magharibi, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili, wakaushuku muhogo. Waliendelea katika eneo la Ubangi, na mwaka 1980 François Delange na wenzake wakatoa kitabu kizima kuhusu muhogo na rovu. Huko Ubangi wajawazito walichomwa sindano ya mafuta yenye iodini, na watoto wao wakakua na akili na viungo bora kuliko wale ambao mama zao hawakuipata. Muhogo si adui. Umetulisha sisi na waliotuzaa. Unataka siku zake tatu majini, na sombe, majani yake, linataka kutwangwa sana na kuchemshwa sana. Wifi yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kutafuta ndizi.

Ijumaa
Jirani aliyesikia habari ya iodini ameniletea chupa ya dawa ya kusafishia vidonda, kwa kuwa imeandikwa iodini. Alisema nitie matone kwenye chai. Nilimshukuru, nikaiweka mbali na kikombe. Iodini ikizidi mno nayo huifunga tezi, ya mama na ya mtoto. Nilimwonyesha chupa ya chumvi na kumwambia kiasi chetu kinatoka humo. Ameondoka na dawa yake, na ameahidi kununua pakiti iliyofungwa.

Jumapili
Nimepanda boti ya mbao kwenda Kisangani kupima TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inatosha. Injini imezimika kabla ya Isangi, tukafungwa kwenye mti ufukweni hadi jioni. Kidonge cha chuma kilikuwa kwenye mkoba uliozikwa chini ya magunia ya makaa, nikakipata usiku sana. Pembeni yangu alikaa dada mmoja mjamzito mwenye rovu kubwa. Alisema bibi yake anamwambia ni mizigo ya kichwani, na kuna mtu amejitolea kumchanja shingo kwa wembe. Nikamwambia, "Dada yangu, usikubali wembe. Ukifika, mwonyeshe mkunga shingo yako, umwombe kipimo." Aliuliza kama mtoto ataumia. Nilimjibu kwamba swali hilo ndilo la kumpelekea daktari juma hili hili, kwa maana miezi ya mwanzo ndiyo yenye kazi kubwa.

Jumanne
Teksi ya toleka imenifikisha maabara mapema, nikatolewa damu, kisha umeme ukakatika. Mashine imengoja, nasi tumengoja nayo. Shemeji aliyenipokea alinipikia mpiodi, samaki wa baharini, ambaye ana iodini zaidi ya samaki wetu wa mto.

Jumatano
Majibu yametoka: TSH 4,6. Daktari anataka iwe chini ya 2,5. Ameongeza dozi tena, na ameniandikia kupima kila baada ya majuma manne hadi nusu ya mimba, kisha mara moja karibu na juma la 30. Baada ya kujifungua nitarudi kwenye dozi ya zamani na kupima tena. Boti ya kurudi imejaa, naondoka kesho kutwa.

Jumatano iliyofuata
Nimemwomba mkunga wetu anipe nafasi nizungumze na wenzangu wa CPN. Mvua imezuia mkutano wa uwanjani, tukabanana barazani. Nimesema mambo manne: chumvi yenye kifuniko, muhogo siku tatu, shingo ionyeshwe kwa mkunga, na anayemeza dawa ya tezi asiiache mimba ikiingia. Mama mmoja amesema aliacha yake kwa kuogopa itamdhuru mtoto. Mkunga amemwita ndani papo hapo. Maswali yamekuwa mengi kuliko muda. Juma lijalo tunaendelea, na wifi yangu atakuja kueleza habari ya muhogo.