Alama Isiyofutika kwa Kitambaa

Skrini ikionyesha picha ileile kwa muda mrefu, huweza kubaki na kivuli cha picha hiyo hata baada ya kuondolewa. Mafundi husema kioo kimeungua. Dalili za mwanzo huonekana kwa mwenye kompyuta kabla ya kuonekana kwenye kompyuta yenyewe: hufuta kioo kwa pindo la shati, hukipulizia pumzi, hufuta tena, kisha humtafuta mtoto wa kulaumiwa. Baadaye hubofya kitufe ambacho hakipo na kulalamika kwamba mashine imekuwa nzito.

Enzi za skrini za chogo, iliyochakaa ilikuwa fosfori, unga uliopakwa ndani ya kioo ambao hung'aa ukipigwa na elektroni. Sehemu iliyong'aa zaidi huzeeka mapema. Ndiyo maana mashine za Pac-Man, mchezo uliotoka Japani mwaka 1980, zilibaki na vichochoro vyake kiooni hata zikiwa zimezimwa. Mwaka 1983 Mmarekani John Socha alichapisha programu fupi iliyotia skrini giza mtumiaji akiacha kibodi kwa dakika 3. Dawa ilikuwa hiyo tu, giza. Lakini giza halina mashabiki. Mwaka 1989 ikaja programu ya After Dark, iliyopata umaarufu kwa toasta zake zenye mabawa, na tangu hapo watu wakawa na sababu ya kitaalamu ya kuacha kazi na kutazama mikate ikiruka.

Skrini bapa za LCD hazina fosfori ya kupigwa na elektroni. Ndani yake molekuli za fuwele oevu hugeuka kwa nguvu ya umeme, zikapitisha au kuzuia mwanga wa taa iliyo nyuma. Chembe zenye chaji zikijikusanya mahali pamoja, molekuli huwa nzito kurudi zilikotoka, na kivuli hubaki. Mara nyingi ni cha muda: skrini ikizimwa kwa saa kadhaa, hupona. Zile toasta hapa hazina msaada mkubwa, kwa kuwa taa ya nyuma huendelea kuwaka na bili ya umeme kuendelea kupanda.

Skrini za OLED ni habari nyingine. Kila nukta hujiwakia yenyewe kwa kemikali za kikaboni zinazochoka, na rangi ya buluu huchoka upesi kuliko zote. Kinachokaa bila kusogea hujiandika: saa ya pembeni, mstari wa chini wenye alama za programu, nembo ya kituo cha habari. Hapo skrini hugeuka shahidi asiyehongeka. Muuzaji wa TV iliyotumika ataapa kwamba ilikuwa sebuleni kwa bibi mcha Mungu, huku kona ya kioo ikionyesha nembo ya kituo cha michezo na kisanduku cha magoli. Mfanyakazi aliyeshinda "akiandaa ripoti" naye ana hatari ya kuumbuliwa na safu saba za karata.

Watengenezaji wameweka kinga. Picha husogezwa nukta chache bila mtu kugundua, nembo hupunguziwa mwanga, na TV nyingi za aina hii hujisawazisha zenyewe zikishazimwa kwa rimoti. Shughuli hiyo huhitaji umeme, na ndio muda uleule baba mwenye nyumba anapopita akichomoa kila kitu ukutani. Programu za kuangaza rangi mfululizo ili kufuta kivuli huweza kusaidia LCD. Kwa OLED ni sawa na kuchakaza suruali nzima ili kiraka kisionekane. Kupunguza mwangaza na kuficha ule mstari wa chini hufaa zaidi.

Baadhi ya monita za OLED huuzwa na dhamana ya miaka 3 inayotaja kuungua waziwazi. Nyingine hulitaja jambo hilo ili kulikana, kwa herufi ndogo. Mdai hutakiwa kuleta risiti. Risiti nyingi za dukani huchapwa kwenye karatasi ya joto, ambayo maandishi yake hufifia upesi, kwa hiyo ni vyema kuipiga picha siku ileile ya kununua, mradi picha hiyo isiwekwe kuwa mandhari ya skrini.