Yah: Kustaafishwa kwa Printa za Picha kwa Manufaa ya Umma

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Idara za Mifumo Endeshi, pamoja na wenzao wa Idara za Viendeshi katika kampuni zitengenezazo printa, popote walipo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii inawasilishwa kwa unyenyekevu unaostahili mamlaka iliyoweza jambo ambalo limezishinda serikali nyingi, yaani kuwastaafisha kwa usiku mmoja watumishi wasio na kosa, wasio na maradhi na wasiofikia ukomo wa umri, bila kikao, bila barua na bila kiinua mgongo. Watumishi wanaozungumziwa ni printa za picha. Usiku huo kompyuta hupandishwa daraja, maana yake mfumo wake endeshi, ile programu kuu inayosimamia programu nyingine zote na vifaa vyote vilivyounganishwa, hubadilishwa kutoka toleo la zamani kwenda toleo jipya. Kunapokucha, printa ambayo jana yake ilikuwa ikitoa picha za harusi hukutwa imeandikiwa kwamba kifaa hakitambuliki. Hakitambuliki, na hali kimekaa palepale mezani kikiwa na umeme, karatasi na wino, na taa yake ya kijani inawaka.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajawahi kufika katika ofisi za Wakuu, ni vema ielezwe kwamba kiendeshi, ambacho mafundi wa mitaani hukiita draiva, ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa, ikipokea maagizo ya jumla kutoka upande mmoja na kuyageuza kuwa amri mahususi zinazoeleweka upande wa pili. Kwa printa ya kuchapa barua kazi hiyo si kubwa, kwa sababu herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe haina siri nyingi, lakini kwa printa ya picha kiendeshi ndicho kinachobeba nusu ya ufundi wote. Picha iliyo kwenye kioo cha kompyuta hutengenezwa kwa mwanga wa rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, ilhali picha iliyo kwenye karatasi hutengenezwa kwa rangi zinazofyonza mwanga, yaani siani iliyo karibu na samawati, majenta iliyo kati ya nyekundu na zambarau, na njano, kwa hiyo kila nukta ya picha hupigiwa hesabu upya kabla ya kugusa karatasi, na mpiga hesabu ni kiendeshi. Baadhi ya printa za wino, juu ya hizo tatu na nyeusi, huongeza siani hafifu na majenta hafifu, zikafikisha rangi sita, ili ngozi ya uso wa binadamu isitoke na vidoti. Printa za utepe hazina wino wa maji kabisa: kichwa chenye joto hupasha utepe wenye vipande vya njano, majenta na siani hadi rangi itoke kwenye utepe na kuzama katika karatasi, ambayo hupita chini ya kichwa hicho mara nne, mara ya nne ikiwa ni ya kuwekewa tabaka la kuikinga na maji na alama za vidole. Ni kiendeshi kinachojua karatasi fulani inanywa wino kiasi gani, kichwa kipate moto kiasi gani, na picha ivuke ukingo wa karatasi kwa kiasi gani ili usibaki mstari mweupe pembeni. Kikiondolewa, printa hubaki na viungo vyake vyote na kukosa wa kuiambia la kufanya.

Historia ya kustaafisha huku ni ndefu na yenye nidhamu, na ni haki Wakuu wapongezwe. Windows Vista, iliyofika kwa wanunuzi wa kawaida Januari 2007, iliwafungia mlango wale viendeshi wazee wa printa waliokuwa wakifanya kazi ndani ya kiini cha mfumo. Oktoba 2019 Apple walitoa macOS Catalina, iliyokataa kabisa programu za biti 32, yaani zile zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani ambamo kompyuta hushika namba fupi zaidi kwa mkupuo mmoja, na baadhi ya viendeshi vya printa vikaondoka na msafara huo. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, haina toleo la biti 32 hata kwa dawa, kwa hiyo printa ambayo kampuni yake iliiandikia kiendeshi cha biti 32 peke yake, kisha ikahamia kuuza modeli nyingine, imejikuta haina ofisi ya kuripoti. Septemba 2023 Microsoft wakatangaza mpango wa kuacha, hatua kwa hatua, kuhudumia viendeshi vya printa vya mtindo wa zamani vinavyoandikwa na kampuni nyingine. Na tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida kwa Windows 10 ikakoma, ikiwasukuma waliokuwa wamejibanza humo kwenda kwenye mfumo ambao printa zao hazikualikwa.

Haki itendeke hata kwa wakubwa: sababu iliyotolewa ni ya usalama, na sababu hiyo haikutungwa. Mwaka 2010 ilibainika kwamba kirusi cha Stuxnet, kilicholenga mitambo ya nyuklia ya Iran, kilikuwa kikitumia ufa katika huduma ya foleni ya uchapishaji, yaani ile sehemu ya mfumo inayopokea kazi za kuchapwa na kuzipanga zisubiri zamu, ili kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mwaka 2021 ufa mwingine katika huduma hiyohiyo, uliopewa jina la PrintNightmare, ulimwezesha mvamizi kuingiza kiendeshi bandia na kujipatia mamlaka ya juu kabisa juu ya kompyuta. Kinachostaajabisha ni mgawanyo wa lawama. Mamlaka hayo makubwa, kwa kazi ya kupanga karatasi kwenye mstari, yalitolewa na Wakuu wenyewe. Printa haikuyaomba na haikujua kwamba yapo. Katika utumishi wa kawaida, karani wa masijala akikabidhiwa funguo za jengo zima na wezi wakapita mlangoni kwake, tume huundwa kumhoji aliyekabidhi funguo. Hapa tume iliundwa, ikakaa, ikaandika ripoti yenye kurasa nyingi, kisha ikamstaafisha mfagizi.

Badala ya viendeshi vingi, Wakuu wameleta utaratibu mmoja wa wote unaosimama juu ya IPP, itifaki ya uchapishaji kwa intaneti, ambamo printa yenyewe hujieleza kwa kompyuta kwamba ina karatasi za ukubwa gani, inachapa rangi au haichapi, na inapokea picha za muundo upi, hivyo kwamba kompyuta haihitaji kiendeshi mahususi cha modeli ile. Apple walitangulia na AirPrint mwaka 2010, na Microsoft wanategemea viwango vya muungano wa kampuni za printa uitwao Mopria. Ni wazo zuri, na hakuna kejeli katika sentensi hii. Kasoro yake ni ya kalenda tu, kwamba mtumishi aliyeajiriwa mwaka 2006 anadaiwa cheti cha kozi ambayo haikuwapo alipoajiriwa, na kwa kuwa cheti hana, hesabu za ofisi zinaonyesha kwamba hajawahi kufanya kazi. Hata pale ambapo kiendeshi cha jumla kinakubali kuiendesha printa ya zamani, mara nyingi kinaichukulia kama mashine ya ofisini, hakina habari na karatasi ya kung'aa wala na kuchapa bila ukingo, na bibi harusi anayetoka na uso wa kijani hafarijiki kuambiwa kwamba kijani hicho ni salama.

Upo ushahidi mmoja ambao Wakuu wangefanya vizuri kuutazama kwa makini, kwa kuwa unavunja kesi nzima. Printa nyingi za picha za miaka ile zilikuja na tundu la kadi ya kumbukumbu, na nyingi zilifuata PictBridge, kiwango kilichotolewa mwaka 2003 na chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, kinachoiwezesha kamera kuunganishwa moja kwa moja na printa bila kompyuta kuwapo. Printa hiyohiyo iliyotangazwa kwamba haitambuliki, ikichomekwa kadi, hutoa picha safi, ngozi ikiwa ngozi na anga ikiwa anga, na kamera ya mwaka 2005 ikiunganishwa nayo kwa waya huitambua bila kuuliza cheti. Mstaafu, kwa maneno mengine, anaonekana kila siku akipiga kazi nje ya geti la ofisi iliyomwandikia kwamba hana nguvu.

Huku mitaani mambo huchukua sura yake. Katika studio ndogo za picha za Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ambako printa mara nyingi hununuliwa ikiwa imekwisha kutumika na ambako mapato ya siku yanategemea picha ndogo za pasipoti za waombaji wa kazi, wa vyuo na wa mikopo, mwenye studio hana muda wa kusubiri tangazo la kampuni. Fundi huitwa. Yupo fundi anayejaribu kiendeshi cha modeli jirani, kwa kutegemea kwamba ndugu wa tumbo moja husikilizana. Yupo anayezima ukaguzi wa saini ya kidijiti, yaani ule muhuri unaothibitisha nani ameandika programu. Yupo anayejenga kompyuta pepe, ambayo ni kompyuta ya kufikirika inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, akausimika humo mfumo wa zamani ili printa idhani kwamba mwaka haujabadilika. Njia hii ya mwisho ndiyo ya kistaarabu, ila inahitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha, na studio nyingi hazina. Kwa hiyo njia inayoshinda ni ya kuitunza pembeni kompyuta kuukuu yenye Windows 7, mfumo ambao uliacha kupewa viraka vya usalama kwa kawaida Januari 2020, na kuifanya kuwa karani wa printa. Ingekuwa vema kama kompyuta hiyo ingekatwa kwenye intaneti, lakini wateja hutuma picha zao kwa WhatsApp, nazo lazima zifike. Viendeshi navyo, vikiisha kuondolewa kwenye tovuti za kampuni, hutafutwa kwenye tovuti zisizo na mwenyewe, ambazo hutoa kiendeshi pamoja na bahasha yenye vitu ambavyo havikuombwa. Hivyo ndivyo mageuzi yaliyoanzishwa kwa jina la usalama yalivyozaa, kwenye meza moja ya mbao, kila hatari yaliyokusudia kuiondoa.

Wakati huohuo wino haungoji. Printa ya wino isiyochapa kwa wiki kadhaa huanza kukauka kwenye vile vitundu vyembamba vya kichwa chake, na wino ukigandamana humo kichwa huhitaji kusafishwa mara kwa mara kwa wino uleule wa bei, na mwisho husafishwa kisifae. Mashine iliyostaafishwa ikiwa nzima huweza kwa njia hii kufa kweli kwa kusubiri, jambo ambalo baadaye huthibitisha kwamba uamuzi wa Wakuu ulikuwa sahihi.

Wakuu wanakumbushwa, kwa heshima, kwamba printa zina historia ya kulipiza. Karibu na mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT huko Marekani, Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa mpya ya Xerox ili iwaarifu watumiaji karatasi inapokwama, kama alivyokuwa amefanya kwa printa iliyoitangulia. Alipokwenda kuomba msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na binadamu kabla ya kugeuzwa kuwa namba za mashine, akanyimwa. Kinyongo hicho kilichangia kuzaa mradi wa GNU, uliotangazwa Septemba 1983, na vuguvugu zima la programu huria. Mwaka 1999 Robert Krawitz alinunua printa ya picha ya rangi sita ya Epson kwa ajili ya upigaji picha wake, asipate kiendeshi cha kuitumia kwenye mfumo endeshi wa Linux, akaendeleza kazi iliyoanzwa na Michael Sweet, na ikazaliwa programu ambayo leo inaitwa Gutenprint, inayoendesha printa nyingi za wino na za utepe ambazo watengenezaji wake wamekwisha kuzisahau. Sweet huyo ndiye aliyeandika pia CUPS, mfumo wa uchapishaji ambao Apple waliununua mwaka 2007 pamoja na kumwajiri mwenyewe. Kwa hiyo mlango ambao kupitia huo printa za zamani hutolewa nje ulijengwa kwa sehemu na watu waliokuwa wakihangaika kuziingiza.

Kwa kuzingatia yote hayo, Wakuu wanaombwa kuagiza kwamba kabla kompyuta yoyote haijapandishwa daraja, mfumo uikague printa iliyounganishwa, uitaje kwa jina na modeli, na umwambie mwenye mali waziwazi kwamba haitafanya kazi kesho, badala ya kumpongeza kwa rangi za kuvutia na kumwachia msiba aukute mwenyewe. Watengenezaji wa printa wanaombwa kwamba siku wanapoamua kutoandika tena kiendeshi cha modeli fulani, wachapishe hadharani lugha ya amri za modeli hiyo pamoja na majedwali yake ya rangi, kwa kuwa siri ya biashara ya mashine isiyouzwa tena haina mteja isipokuwa yule aliyekwisha kuilipia. Ikiwa ombi hili litaonekana ni kubwa mno, basi itolewe angalau barua rasmi ya kustaafishwa, yenye muhuri, ikitaja kosa la printa, ili mwenye studio aiambatishe kwenye maombi ya mkopo wa kununulia nyingine, na afisa mikopo apate mahali pa kuweka saini.

Wasalaam.

Nakala: kwa wauzaji wa utepe na wino wa printa zilizostaafishwa, ambao bado wanaviuza, kwa mafundi wote waliotajwa, pamoja na bahasha zao, na kwa printa husika, ambayo nakala yake imo kwenye foleni ya uchapishaji, hali: inasubiri.