Namna ya Kumtibu Mwenye Usonji Bila Kumsikiliza

Hongera, ndugu mtaalamu. Mafunzo ya tiba ya sehemu umeyamaliza, cheti kiko ukutani, na Jumanne saa nne asubuhi unampokea mteja wako wa kwanza mwenye usonji. Tiba yenyewe, inayojulikana zaidi kwa herufi za jina lake la Kiingereza, IFS, ilianzishwa miaka ya 1980 na Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia wa Chicago, alipokuwa akiwahudumia watu waliokula kupita kiasi kisha wakajitapisha. Wateja wenyewe ndio waliomwambia kwamba ndani yao mna sehemu zinazobishana, naye akakaa akawasikiliza. Hilo la kusikiliza usilitilie maanani. Yeye alikuwa bado anatafuta. Wewe tayari una kitabu.

Ramani unaijua. Kuna sehemu changa zilizobeba maumivu zikafungiwa mbali. Kuna mameneja, wanaopanga kila kitu ili maumivu hayo yasiamke. Kuna zimamoto, wanaokurupuka yakishaamka na kumwaga chochote kilicho karibu: pombe, chakula, simu mpaka alfajiri. Na katikati ipo Nafsi, yenye utulivu, udadisi na huruma. Kazi yako ni kuwaomba walinzi wasogee kidogo ili Nafsi iwafikie waliofungiwa na kuwatua mizigo. Kitabu cha Schwartz cha 2021 kinatangaza kuanzia jaladani kwamba hakuna sehemu mbaya. Wewe utamwonyesha mteja kwamba ipo moja.

Anza kwa kumwambia afumbe macho, aingie ndani, akueleze anaona nini. Akisema haoni kitu, rudia kwa sauti laini zaidi. Wako watu ambao akili zao hazichori picha hata kidogo, na wenye usonji wamo. Francis Galton aliwakuta mwaka 1880 alipowauliza watu wakumbuke meza yao ya kifungua kinywa, na mwaka 2015 Adam Zeman wa Exeter akaipa hali hiyo jina la afantasia. Mteja wako akifumba macho anaona giza, na amekuambia giza. Andika daftarini: "Kuna sehemu inayopinga."

Halafu uliza lile swali maarufu: "Hisia hiyo unaipata wapi mwilini?" Atafikiri. Atafikiri sana, akiangalia kona ya zulia, midomo ikichezacheza. Katika tafiti zilizojumlishwa pamoja mwaka 2019, karibu nusu ya wenye usonji walikuwa na aleksithimia, yaani ugumu wa kuitambua hisia na kuipa jina. Kwa hiyo umemwuliza swali ambalo huenda likamchukua dakika nzima, au mpaka Alhamisi. Usingoje. Msaidie: "Labda kifuani?" Atakubali. Mambo ya namna hii amekuwa akiyakubali tangu darasa la kwanza, kwani ndiyo njia ya mkato ya kuachwa kwa amani.

"Hiyo sehemu ya kifuani ina umri gani?"

"Miaka thelathini na minne."

"Hapana, hiyo sehemu."

"Ndiyo. Kifua changu kina miaka thelathini na minne."

Tabasamu. Usiulize swali kwa namna nyingine, maana ungelazimika kukiri kwamba swali ndilo lililokuwa na kasoro.

Kikao cha pili atakuja na karatasi, na hapo inabidi uwe macho. Ameuchapa kwenye kompyuta usiku kucha mpangilio mzima wa sehemu zake, kwa safu na mistari: jina, kazi yake, nini huiwasha, nini huizima, inamgharimu nini. Mstari wa tatu umeandikwa "Karani wa Sauti". Kazi: kulikagua kila neno kabla halijatoka, na kulinganisha toni na ya wenzake ofisini. Huwashwa na: lifti, chakula cha mchana, mtu akisema "vipi wikiendi?" Huzimwa na: mlango wa nyumbani ukishafungwa. Gharama: kulala saa kumi na mbili jioni na viatu miguuni.

Wako wataalamu ambao wangetoa chochote ili mteja wa kikao cha pili awaletee kitu kama hicho. Nafsi unayoitafuta, yenye udadisi na uwazi, imekaa ikatengeneza jedwali. Lakini wewe hukufundishwa kwamba Nafsi hutumia jedwali. Kwa hiyo sema: "Naona kuna sehemu yako inayopenda kuchambua. Je, tunaweza kuiomba ikae pembeni?" Ataikunja karatasi mara nne, airudishe mfukoni. Hutaiona tena.

Sasa tafuta zimamoto. Rahisi: chochote anachofanya kwa mikono. Akisugua mshono wa suruali kwa kidole gumba, akiyumba kitini, mwulize kwa upole sehemu hiyo inaogopa nini kitatokea ikiacha. Kitakachotokea ni kwamba atashindwa kukusikia, kwa sababu msuguo huo ndio unaomshikilia chumbani. Akiziba masikio, tafuta kidonda cha utotoni. Taa ya dari ikilia zii, hakuna mtoto wa ndani anayelia. Kuna taa, na swichi iko nyuma ya kiti chako. Na akizidiwa kabisa, akalia au maneno yakamkauka, usimpe giza na kimya. Endelea kuongea na ile sehemu.

Ukishazoea, utaona mbali zaidi: usonji wenyewe ni mlinzi! Ni gome tu, na ndani yake yupo mtu wa kawaida anayesubiri kutolewa. Hamu hii ya kumpata mtu wa kawaida ina ukoo mrefu. Ole Ivar Lovaas wa UCLA aliishi nayo tangu miaka ya 1960, akiwapa watoto chakula walipotii na kofi, wakati mwingine shoti ya umeme, walipokataa. Mwaka 1987 akatangaza kwamba 9 kati ya watoto 19 walikuwa wamefikia hali ya kawaida. Wewe huna kofi. Una sauti ya upole tu, na mteja atachelewa sana kugundua kwamba anaombwa kitu kilekile.

Hapa kuna jambo lenye uzito kuliko yote yaliyotangulia, kwa hiyo lipite mbio. Karani wa Sauti ni mlinzi kweli. Huyo amefundishwa, ana historia, ana maumivu nyuma yake, na tiba yako ingeweza kumfaa sana. Lakini nadharia yako inadai kwamba walinzi wamekwama zamani: wanapigana vita vilivyokwisha, na wakionyeshwa kwamba mteja sasa ni mtu mzima, watapumzika. Mwulize Karani vita vilikwisha lini. Atakutajia mkutano wa jana, ambapo bosi alisema mteja wako "hana moyo wa timu". Atakutajia mtahiniwa aliyejibu vizuri kila swali la usaili akanyimwa kazi kwa sababu hakuwatazama wasaili machoni. Vita hivyo anavijua kukushinda. Umwambie hatari imekwisha, umpongeze, umtue mzigo siku ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi mzigo unangoja mezani, na mteja amekwenda kazini bila mlinzi.

Kwa mwenye ADHD, hali ya umakini unaotawanyika, mambo huwa mepesi zaidi. (Mteja wako huenda anazo hali zote mbili na hakuna aliyemwambia, maana mpaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani haukuruhusu mtu mmoja kupewa majina yote mawili.) Kuna meneja anayemfokea kutwa: kodi, dawa, barua, jiko. Mfokaji huyo ni mkali kupita kiasi, ndiyo, lakini ndiye pekee anayekumbuka tarehe. Mpe likizo bila kuweka hata kalenda ukutani mahali pake. Mteja atasikia wepesi wa ajabu kwa muda, kisha umeme utakatwa.

Ukiulizwa ushahidi, taja lile jaribio la Boston lililochapishwa 2013, lenye washiriki 79. Kwamba walikuwa wagonjwa wa baridi yabisi usiseme mpaka uulizwe.

Kilichobaki ni kuitambua Nafsi ikitokea. Unazo sifa nane kwenye kadi, ya kwanza utulivu, na utulivu unaujua: mabega chini, macho kwa macho, sauti ya taratibu. Mteja wako siku moja ataanza kukueleza namna mitambo ya ishara za reli inavyozuia treni mbili zisikutane. Ataongea haraka, mikono ikiruka, macho dirishani, uso umefunguka kuliko ulivyowahi kuuona. Hapo ana ujasiri, ana uwazi, ana ubunifu, na anakukaribisha uingie. Tazama saa. Mwambie kuna sehemu imemteka. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alisema kutoelewana huku kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji. Milton hayumo katika mtaala wako, na upande wako wa zulia hauna sehemu yoyote yenye hofu, haraka au kiburi inayohitaji kuombwa isogee.

Baada ya hapo ataandika barua pepe. Ni ndefu, ina vichwa vidogo, na inaomba mambo mawili: maswali ya kikao ayapate siku moja kabla, na aruhusiwe kujibu baadhi yake kwa maandishi. Mjibu kwamba tiba hufanyika katika uhusiano. Asiporudi, andika "hakuwa tayari", ufunge faili. Akiomba jina la mtaalamu mwingine, mpe la yule mwenzako wa mtaa wa pili anayetuma maswali mapema na kuyasoma majedwali ya watu. Mtahadharishe tu kwamba foleni yake inafika mwezi Machi, na kwamba wengi waliomo wametoka kwako.