Mheshimiwa, Anza na Hesabu

Hongera, mheshimiwa. Wadi imekuchagua, nyama imeliwa, sasa unaelekea bunge la kaunti mjini Kericho. Kanuni za maadili utakazokabidhiwa ni ndefu, kwa hiyo anza na hesabu.

Bunge hilo lina wajumbe 47, na kumbandua gavana kunahitaji theluthi mbili. Gawanya kwa tatu, zidisha kwa mbili: 31 na kipande. Kipande cha mtu hakipigi kura, basi tafuta watu 32. Oktoba 2024 wajumbe 31 walipiga kura ya kumbandua Gavana Erick Mutai. Seneti ikaitupa hoja kabla ya kusikiliza mashtaka, kisa mtu mmoja amepungua. Walioumia ni wananchi waliotaka kuusikia ushahidi hadharani, wawe wanampenda gavana au hawampendi.

Pili, linda kura yako. Agosti 2025 walijaribu tena, safari hii kwa mtambo. Zikahesabiwa kura 33, kisha baadhi ya wajumbe wakadai kwamba hawakupiga kura zilizoandikwa kwa majina yao. Gavana akanusurika tena. Nenosiri lako usimpe mtu, hata yule mnayekunywa naye mursik kibuyu kimoja. Jioni pitia kituo cha kununulia majani chai, umtazame mama aliyefikisha gunia lake. Hatoi macho kwenye mizani mpaka namba itulie. Anapokea risiti, anaisoma, ndipo anaikunja na kuitia kwenye leso. Hapimiwi akiwa hayupo. Nawe usikubali.

Zawadi? Kifungu cha 76 cha Katiba ya 2010 kinasema unachopewa kwenye hafla ya umma ni cha Jamhuri, isipokuwa sheria imeruhusu vingine. Mbuzi mwandikishe kwenye rejista. Na ukiwa na maslahi katika zabuni ya kaunti, sema mapema, kisha utoke chumbani wenzako wajadili.

Jumamosi ukirudi nyumbani, bahasha ya harambee iache. Wakulima wa Ainamoi na Litein husubiri bonasi mwaka mzima, na senti iliyokatwa wanaijua. Wapelekee karatasi: barabara ya kupitishia majani ilitengewa shilingi ngapi, zimetumika ngapi, na siku ya bajeti wewe ulipiga kura gani. Isome kwa sauti, halafu uketi uulizwe maswali.