Frasila Mbili

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hilo nilifundishwa shule ya msingi, nikalishika, nikazeeka nalo. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba asali nayo ilisoma shule ile ile.

Nilikuwa nimekaa Tabora wiki nzima kwa shughuli za ukoo. Asubuhi ya kurudi Dar es Salaam nikaketi barazani kwa shangazi na kalamu na kipande cha karatasi, nikapiga hesabu kama mhasibu. Tiketi inaruhusu kilo 23. Madumu mawili ya asali, lita tano tano: kilo kumi. Karanga, kilo tano. Michembe ya viazi vitamu, tatu. Nguo zangu, nne. Uyoga mkavu sikuuhesabu, kwa sababu kubeba uyoga mkavu ni kama kubeba harufu. Jumla 22. Nikabakiwa na kilo moja ya heshima.

Nikampa shangazi karatasi aione. Hakuitazama. Alikuwa anautazama mfuko, jinsi fundi anavyoutazama ukuta uliojengwa na mtu mwingine.

Mfuko wenyewe ulikuwa shangazi kaja, ule wa miraba myekundu na ya bluu unaojulikana kila stendi ya nchi hii. Sijui nani aliupa jina hilo, lakini huyo hajafika kwetu. Kwetu shangazi haji. Shangazi anapakia.

"Baba, kaoge," akaniambia. "Mfuko niachie mimi."

Nikaenda kuoga. Watu wa Dar wananiona mjanja.

Uwanja mdogo wa ndege una uzuri wake. Kwenye viwanja vikubwa unapotea, unaaibika peke yako. Tabora huwezi kuaibika peke yako. Mstari ni mmoja, mizani ipo mbele ya macho ya kila mtu, na yule aliyesimama nyuma yako ama mlisoma naye, ama anamjua mliyesoma naye. Na nusu ya mstari ina madumu. Mgeni angedhani tunakwenda kununua mafuta ya taa.

Mfuko ukapanda mizanini. Namba zikacheza kidogo, zikatulia: 31.

"Haiwezekani," nikasema, nikaitoa ile karatasi mfukoni. Kijana wa mizani akaisoma kwa adabu kubwa, akanirudishia kwa mikono miwili. Ni mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, mfugaji wa nyuki kwa jinsi alivyozungumza, ndiye aliyenihurumia.

"Lita tano za asali ni kilo saba, bwana. Asali si maji."

Saba mara mbili, kumi na nne. Basi hesabu yangu ilikuwa 26. Zilizobaki, kilo tano kamili, hazikuwa na mwenyewe. Nikafungua mfuko hapo hapo, mbele ya halaiki, nikakunjua suruali yangu ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Suruali ya pili ilikuwa imefungwa miguuni kwa uzi, imejaa karanga za nyongeza hadi kiunoni. Ilisimama yenyewe.

Njia hii ya Tabora hadi pwani ina historia ya kuficha kitu ndani ya kitu, na si yote ya kuchekesha. Mwaka 1873 akina Chuma na Susi, watumishi wa mpelelezi Livingstone, walipita Unyanyembe, yaani hapa Tabora, wakiwa wamebeba mwili wake kuupeleka pwani. Walishauriwa wauzike hapa hapa, wakakataa. Walipoona mbele kuna vikwazo, wakaufunga ukafanana na robota la nguo, wakaendelea na safari, nao ukafika. Hao walijua kupakia. Shangazi yangu amerithi ufundi, ila hakurithi sababu.

"Thelathini na moja!" sauti ikasema nyuma yangu. "Frasila mbili kasoro kilo moja hivi."

Nikageuka. Bwana mmoja wa makamo, suti ya kijivu, mkononi mkoba mdogo wa ngozi usioweza kuingia hata pakiti ya michembe.

"Mnyamwezi?" akaniuliza.

"Naam."

"Mimi Mzaramo."

Nikajua nimekwisha. Kwa asiyefahamu: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na utani wenyewe ulikolea kwenye njia ile ya misafara, babu zetu wakishuka na pembe na wao wakiwa wenyeji kule chini. Mtani akikutania hupaswi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na atawasimulia wengine.

"Babu zako," akasema kwa sauti ya kuufikia mstari wote, "walibeba frasila mbili kila mmoja, mabegani, toka hapa hadi kwetu pwani, kwa miguu. Wewe umeletewa ndege, bado unashindwa?"

"Na babu zako walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wamekaa kivulini wanawahesabu."

Mstari ukacheka. Kijana wa mizani akageuza uso ukutani, mabega yakimtikisika.

Lakini bwana yule hakukosea hesabu. Frasila moja ni kilo 16 hivi, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili. Kwa karne nzima na zaidi, uzito halali wa kutoka Tabora ulikuwa huu huu niliokuwa nao mizanini. Walioushusha hadi 23 hawakutuuliza. Nikalipa uzito wa ziada, nikapewa risiti, na nikiwa naikunja nikakumbuka neno hongo. Siku zile halikuwa neno la aibu. Lilikuwa ushuru wa njia: msafara ukiingia nchi ya mtemi, hasa kule Ugogo, unatoa nguo na shanga ndipo upite. Mimi nami nimetoa nikapita. Tofauti ni risiti tu.

Tukaingia ukumbini kusubiri. Tukaambiwa mvua imefunga anga huko inakotoka ndege, tuwe na subira. Saa ya kwanza watu walilalamika. Saa ya pili walianza kula. Saa ya tatu ukumbi mzima ulikuwa unajuana, na mama mmoja alikuwa ameshampatia binti wa watu mchumba kwa simu.

Mtani wangu alikuwa anatembea huku na huko akitazama saa. Nikaona zamu yangu imefika.

"Kaa chini, mtani. Unajua mtu aliyecheleweshwa kuliko wote mji huu?"

Nikamsimulia. Stanley, yule mwandishi wa habari, aliondoka hapa Machi 1872 akimwacha Livingstone pale Kwihara, nje kidogo ya mji, asubiri wapagazi watakaotumwa kutoka pwani. Mzee wa watu akasubiri. Wapagazi walifika Agosti. Miezi mitano, bila hata tangazo la kuombwa radhi! Na mpelelezi Burton je? Alifika Kaze, yaani hapa hapa, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aache pwani. Leo ndege haimalizi saa mbili, na treni ambayo reli yake ilifika mjini 1912 ina kilomita 840 tu za kukuyumbisha.

"Hao walitembea kwa miguu," akajibu. "Niambie habari za ndege."

"Za ndege ninazo." Januari 1920 ndege ya Vickers Vimy iliondoka Uingereza ikielekea kusini mwa Afrika, imekodiwa na gazeti la The Times, na ndani alikuwamo bingwa wa elimu ya wanyama, Peter Chalmers Mitchell. Ilihangaika hivyo hivyo hadi Tabora. Hapa, tarehe 27 Februari, ikaanguka, na safari yake ikaishia hapo. Mitchell alitoka salama. Sisemi kwamba walikuwa wamebeba asali.

Mtani akakaa kimya kidogo. Halafu akauliza kama yale matobolwa niliyoyatoa kwenye suruali yamebaki.

Ndege ikaja jioni, ya pangaboi, ikatua kwa madaha kana kwamba ndiyo ilikuwa inatusubiri sisi. Tukapanda. Chini miyombo ikatanda mpaka macho yakachoka, mapito ya wapagazi yamo humo humo kwenye ukijani, hayaonekani. Ilikuwa safari njema kwangu. Kwa madumu haikuwa.

Ndege inapopanda, hewa inayotuzunguka hupungua nguvu, na ile iliyofungiwa ndani ya dumu inataka nafasi. Dumu la kwanza lilikuwa asali ya kawaida, nzito, yenye subira. La pili lilikuwa ya nyuki wadogo, ambayo ni nyepesi kama chai na haina subira kabisa. Kifuniko nilikifunga mwenyewe, na kipande cha nailoni chini yake, kazi ya kitaalamu.

Dar es Salaam tukasimama kuzunguka mkanda wa mizigo. Shangazi kaja akatokea kwa mbali, aking'aa. Nyuma yake kila begi lilikuwa linang'aa pia. Dumu nilipolitoa, mashavu yalikuwa yameingia ndani kama ya bibi asiye na meno. Nikawaomba radhi watu wasiopungua kumi, mmoja mmoja, huku viatu vyangu vikigoma kuachana na sakafu.

Wa mwisho alikuwa mtani. Mkoba wake wa ngozi ulikuwa mkononi muda wote, salama, lakini alikuwa ameshika mfuko wangu kunisaidia na kofi lake sasa lilikuwa la dhahabu. Akalitazama. Akalamba kidole gumba. Akafumba macho.

"Ya nyuki wadogo," akasema.

"Naam."

"Lile zima lina kilo ngapi?"

"Saba."

"Nimelitaifisha."

Ningefanyaje? Mtani akishika kitu ameshika. Simu ikalia nikiwa bado nimeduwaa.

"Umefika, baba?"

"Nimefika, shangazi."

"Na mzigo?"

Nikatazama mlangoni. Yule bwana alikuwa anaelekea kwenye teksi kwa mwendo wa taratibu, suti ya kijivu, mkoba mkono wa kushoto, na dumu la lita tano kichwani, akilishikilia kwa mkono wa kulia.

"Umefika, shangazi. Umepata na mpagazi."

"Mpagazi? Dar? Nani huyo?"

"Mzaramo."

Nilimsikia akiiweka simu chini na kuwaita majirani.